Usiguse Laini

Kwa miaka sita niliuza laini za simu Kawangware, chini ya mwavuli uliochakaa, na hakuna siku iliyopita bila mtu wa kunikasirisha kabla ya saa nne asubuhi. Mmoja anataka laini lakini hana kitambulisho. Mwingine amekuja na kitambulisho cha shemeji yake na anashangaa kwa nini simsajili. "Siz, si ni laini tu?" ananiambia, kama mtu anayeomba pipi. Nilikuwa na ulimi mkali, nakiri, na kwa kuwa nililiuza neno hilo kutwa nzima nilidhani nalijua. Baba yangu, fundi wa mawe ambaye hakumaliza hata shule ya msingi, ndiye aliyenionyesha kwamba sikuwa nalijua.

Neno lenyewe tulilichukua kwa Waingereza, na sidhani kama tutawarudishia, maana hawatalitambua. Watu wa pwani wana laini yao, ile ya kitambaa kisichokwaruza ngozi, lakini hiyo ni nyingine na tunawaachia. Ya kwetu ni ngumu. Kule Soweto West, Kibera, nilikozaliwa, laini ni safu ya vyumba inayotazamana na safu nyingine, mtaro katikati. Ukiulizwa unakaa wapi hutaji nambari ya nyumba. Unasema laini ya pili kutoka chooni, na mgeni anafika. Stima ikipotea tulitoka nje kuuliza kama imeenda laini yetu peke yake au na ya wenzetu, na tukiambiwa imeenda kote tulifarijika, Mungu atusamehe. Shuleni kengele ikilia tulipiga laini, mfupi mbele na mrefu nyuma, na mimi nilikuwa wa mbele kabisa hadi darasa la saba, jambo lililoniuma sana. Mama yangu, Mungu amrehemu, alipochoka na kelele zetu alituambia tuingie laini, na hapo hakumaanisha vyumba wala shule. Tulinyamaza mara moja.

Sijawahi kusikia mtu Kibera akizichanganya laini hizi. Mtoto wa miaka mitatu anajua ipi ni ipi. Nikiwasikia wasomi wakilalamika kwamba watu wa mitaa wameharibu lugha, natamani wangekuja kukaa kwetu wiki moja waone kazi ambayo neno moja linafanya bila kuchoka.

Laini niliyoipenda kuliko zote ni ya maji. Siku ambazo mifereji ilikauka, na zilikuwa nyingi, hatukusimama sisi kwenye foleni. Mitungi ndiyo iliyosimama. Unaleta mtungi wako wa lita ishirini, unauweka nyuma ya ule wa mwisho, unaenda zako kufua au kukaanga mandazi. Kila mtungi una alama yake: huu umefungwa kitambaa chekundu, ule umezibwa kwa gunzi la mahindi. Maji yakija, kila mmoja anapomaliza kuchota, waliopo wanasukuma mitungi yote mbele, pamoja na ya wasiokuwepo. Ukirudi baada ya saa mbili unakuta mtungi wako umetembea bila wewe. Niliwahi kuona wanawake wawili waliotukanana asubuhi mpaka majirani wakaziba masikio, na mchana mmoja wao akausukuma mtungi wa mwenzake kwa mguu, akiwa bado amenuna. Mpaka leo mtu akiniambia watu wa Kibera ni wakorofi, nakumbuka mguu ule.

Mwenye ploti yetu alikuwa mama wa Kinubi, mjukuu wa askari mmoja wa zamani ambaye Waingereza walimtoa Sudan wakampa kipande cha msitu hapa. Wanubi humwita nyanya haboba, basi hata sisi wapangaji wake, Wakristo kutoka Magharibi mwa Kenya, tulimwita Haboba. Alikuwa mfupi, mkali, na alijua kila bati lililotoboka katika ploti yake. Yeye ndiye aliyeniambia laini za vyumba zilitoka wapi. "Babu alikaa laini kambini," alisema, "akapewa msitu, akajenga vile alikuwa amezoea. Nyinyi mnakaa kwa kambi na hamjui." Alicheka mpaka akakohoa.

Kwa baba, laini ilikuwa uzi. Uzi wa nailoni wa kijani kilichopauka, uliozungushwa kwenye kipande cha mti, na alikaa nao mfukoni hata kanisani. Kazi yake ilianzia pembeni. Alijenga pembe mbili za ukuta, akazinyoosha kwa timazi, kisha akavuta uzi kutoka pembe moja hadi nyingine na kuukaza mpaka ukawa unalia ukiguswa. Mawe yote ya katikati yaliufuata. Nilipokuwa darasa la tatu nilimpelekea chakula cha mchana wakati wa likizo, nikakaa juu ya mchanga nikimtazama, na ndipo aliponifundisha sheria yake moja. Usiguse laini. Jiwe linakaa nyuma ya uzi kidogo, unene wa ukucha tu, mwanga upite katikati. Jiwe moja likiugusa linausukuma nje. Jiwe linalofuata linaufuata uzi uliosukumwa, nalo linausukuma zaidi, na ukifika katikati ukuta umeota kitambi. Fundi mwenyewe hajui, kwa sababu akitazama anaona kila jiwe liko sawa na uzi.

"Uzi hauna makosa, mama," aliniambia. Alikuwa akiniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Ukiusukuma, unakubali tu."

Miaka michache iliyopita Haboba aliamua kubomoa laini yetu ya udongo na kujenga ya mawe, vyumba vinane, ambavyo baadaye vingebeba ghorofa moja juu. Wanawe walitaka kontrakta. Yeye akampa baba kazi. "Huyu amekaa kwa nyumba yangu miaka thelathini," aliwaambia mbele yetu sote. "Na atarudi kukaa hapo. Akijenga vibaya itamwangukia yeye." Familia nane zikatawanyika kwa ndugu na marafiki kungoja vyumba vipya, na baba, ambaye tangu mama afariki alikuwa akiishi peke yake, akahamia kwangu Kawangware. Kila asubuhi alinywa chai, akatia uzi mfukoni, akatembea kwa miguu hadi Kibera.

Hapo ndipo ningepaswa kuona. Alimimina chai kando ya kikombe, nikamgombeza. Alipapasa fremu ya mlango kabla ya kutoka, nikadhani ni uzee. Siku moja alipoteza simu yake akaja kwenye mwavuli wangu nimrudishie laini, na nilipompa ile kadi ndogo hakuitazama hata kidogo. Aliizungusha kwa kidole gumba, akaipata ile pembe iliyokatwa, akaitia kwenye simu aliyonunua mara moja. Vijana wenye macho yao wote walikuwa wakija kwangu wameikwamisha ndani kinyume. Nilimsifu mbele ya wateja. Nilijivunia mikono ya baba yangu pale ambapo ningeuliza habari za macho yake. Baadaye daktari alituambia ni presha ya macho, kwamba ilikuwa imemla polepole kwa miaka na kilichopotea hakirudi.

Jumamosi moja aliniambia niende nikaone. Ukuta wa mbele ulikuwa umefika usawa wa madirisha na alitaka nisifu. Nikafunga mwavuli mapema, nikaenda. Nilimkuta kazini na mtu wake wa mkono, yule anayekoroga mota, ule mchanganyiko wa simiti na mchanga, na kubeba mawe. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka laini ya pili, mpana wa mabega na mchache wa maneno, na walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na miwili. Alimwita baba Fundi, nasi tulimjua kama mama wa mota.

Sikuweza kujizuia. Nilienda pembeni, nikainama, nikafumba jicho moja nikautazama ukuta kutoka mwisho hadi mwisho, kama nilivyofundishwa. Mawe ya chini yalikuwa yamenyooka vizuri ajabu. Safu tatu za juu zilikuwa na kitambi. Si kikubwa, lakini cha kuonekana na yeyote anayejua kutazama, na juu yake ingekaa ghorofa yenye watu na vitanda vyao.

Kisha nikamtazama baba akiweka jiwe. Alilisogeza polepole mpaka likaugusa uzi, uzi ukatetemeka, na kidole chake kikawa pale kinaungoja mtetemo huo. Alikuwa akiutafuta uzi kwa kuugusa. Hakuwa na njia nyingine ya kujua ulipo. Chai, mlango na ile kadi ya simu vyote vilinijia kwa pamoja.

"Laini iko aje, mama?" akauliza, uso wake ukiwa umegeukia mahali nilipokuwa dakika moja iliyopita.

"Iko sawa, Baba," nikasema. "Iko sawa kabisa."

Mimi, niliyewafukuza wateja kwa maneno makali kwa sababu ya kitambulisho, nilishindwa kumwambia mtu mmoja ukweli aliouomba mwenyewe. Nilijichukia pale pale. Mama wa mota akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya rundo la mawe.

"Umeona?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeona."

"Mimi huwa narudisha. Akiweka jiwe, akigeuka kuchukua ingine, navuta hiyo ya kwanza nyuma kidogo. Mota ikiwa bado mbichi inakubali. Nimefanya hivyo karibu mwaka, na si hapa pekee. Sasa wiki hii msichana wangu alikuwa mgonjwa, nikakosa siku mbili. Hizo safu, mbili ni za hizo siku mbili, na hii ya juu ni ya leo."

"Leo je? Mbona leo hujarudisha?"

"Leo nikirudisha, hizo mpya zitakosana na zile ziko chini yake. Itaonekana. Sijui nifanye nini."

"Na mbona hukumwambia?"

"Kwani wewe umemwambia?"

Tulikubaliana kwamba mimi ndiye nitakayemwambia, nyumbani, Jumapili, akiwa ametulia. Jumapili ikafika. Alienda kanisani, akarudi, nikampikia kuku, nikaongea juu ya bei ya unga, juu ya wachungaji, juu ya jirani anayekausha nguo zake kwenye kamba yangu. Kila nilipofungua mdomo kusema kile kimoja nilimwona ameketi na uzi wake mapajani akiuzungusha kwenye kile kipande cha mti, nikarudia bei ya unga. Alikuwa amejenga nusu ya nyumba za mawe ninazozijua. Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba ukuta wake umepinda? Usiku ukaingia sijasema.

Jumatatu aliondoka alfajiri kabla sijaamka. Nilifungua mwavuli, nikauza laini mbili, nikakosea kusajili zote mbili. Saa tano nikaufunga nikaenda Kibera, nimeapa nitasema hata kama ni mbele ya watu. Kila jiwe aliloongeza asubuhi hiyo lingekuwa juu ya uongo wangu.

Nilisikia nyundo kabla sijafika. Haboba alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, fimbo yake katikati ya magoti. Majirani kadhaa walikuwa wamesimama mtaroni. Baba alikuwa anabomoa. Aligonga mota kwa nyundo, akapapasa ufa, akalichomoa jiwe, akaliteremsha chini polepole ili lisivunjike. Safu mbili zilikuwa zimekwisha kushuka na alikuwa kwenye ya tatu. Mama wa mota alikuwa akiyapokea mawe bila kumtazama mtu yeyote.

"Baba," nikasema. "Kwani ni nini?"

"Ni wewe," akajibu, hakuacha kugonga. "Ulisema iko sawa kabisa."

"Ndiyo, lakini..."

"Mama, tangu ujue kuongea hujawahi kuniambia kitu kiko sawa kabisa. Chai naweka sukari mingi. Viatu vyangu vinanuka. Redio yangu inapiga kelele. Halafu hii ukuta pekee ndiyo iko sawa kabisa?" Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha. "Nikajua kuna mtu ananihurumia. Leo asubuhi nimevuta laini mpya kutoka pembe hadi pembe, nikapitisha mkono. Katikati, ukuta umeipita laini. Mkono wangu haujapofuka."

Nilitaka kumwomba msamaha lakini hakunipa nafasi. Aliweka nyundo chini, akamgeukia Haboba, au mahali alipojua Haboba ameketi.

"Haboba, macho yangu yamekwisha. Si ya leo wala ya jana. Nilikuficha kwa sababu hii kazi niliipenda. Hizo safu tatu zingebeba ghorofa yako na watu wetu. Nimezitoa mimi mwenyewe. Siku za kuzirudia usinilipe."

Sijawahi kumpenda baba yangu kama nilivyompenda dakika ile. Alikuwa amesimama na vumbi kwenye nyusi, mbele ya mtaa mzima uliomwita Fundi, na alisema jambo hilo kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kusema simiti imeisha. Mimi nilikuwa na siku mbili nzima za kulisema na nilishindwa.

Haboba alichora kitu ardhini kwa fimbo. "Wanangu watafurahi," akasema. "Wataleta mtu wao kesho. Ama wewe una mtu?"

"Niko naye," baba akasema. "Yuko hapa. Kuanzia hapo chini mpaka msingi, hiyo ukuta ni yake."

Mama wa mota aligeuka, jiwe mikononi.

"Nimeshika safu zote leo, moja moja," baba akaendelea. "Kila jiwe limekaa nyuma ya laini vile inatakikana. Na mimi, kwa haya macho, siwezi kuwa ndiye nimeyakalisha hivyo. Nilikuwa nafikiri bado najua kazi. Kumbe kuna mtu alikuwa ananirekebisha nyuma ya mgongo, na hajawahi kusema, wala kuniaibisha, wala kuomba pesa ya fundi."

"Fundi, mimi sikutaka..." mama wa mota akaanza.

"Mwanamke?" akauliza mzee mmoja kutoka mtaroni.

Haboba alimgeukia polepole. "Na hii ploti ni ya nani?" akamuuliza, na mzee yule akakumbuka kwamba ana kazi kwingine. Kisha Haboba akainuka, akaenda ukutani, akapitisha kiganja chake kidogo juu ya mawe ya chini kutoka pembe hadi katikati. Akarudi akaketi juu ya mtungi wake. "Ajenge," akasema. "Nitakuwa nakaa hapa kila siku nikimwangalia."

Baba akautoa mwiko wake, ule wa mpini uliolika kwa miaka ya kiganja chake, akaunyoosha mbele. Mama wa mota alilitua jiwe chini. Aliifuta mikono kwenye leso yake mara mbili, mbele na nyuma, ndipo akaupokea. Alienda pembeni akaufunga uzi, akaukaza, akaupiga kwa kidole ukalia. Akainama, akafumba jicho moja.

Nilidhani baba angeketi sasa, na nikamtafutia mahali pazuri kivulini. Hakuketi. Alipapasa chini mpaka akaupata mpini wa sepetu, akavua shati, akaanza kukoroga mota. Alifanya kazi ile ya watu wa mkono ambayo hakuwa ameifanya tangu ujana wake, mzee wa miaka zaidi ya sitini, na aliifanya vizuri, kwa sababu mota haihitaji macho. Alichota kidogo akaisugua kati ya vidole, akaonja uzito wake, akaongeza mchanga. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Akajaza karai, akalibeba kifuani, akahesabu hatua zake hadi ukutani, na huko akalitua karibu na miguu ya mwanamke yule aliyekuwa amemwita Fundi kwa miaka kumi na miwili.

"Fundi," akamwambia. "Hii mota iko sawa, ama niongeze maji?"

Yeye hakugeuka. Aliweka jiwe lake la kwanza, akalisogeza nyuma ya uzi, akatazama mwanga ukipita.

"Ongeza kidogo, mzee," akasema mwishowe, na baba akainama kutafuta ndoo.